Kabla Hujanunua Betri Nyingine, Fuata Mfereji

Ilikuwa Julai, mwezi ambao Arusha huamka na ukungu uliofunika Mlima Meru hadi kwenye migomba ya chini. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nyumbani Sakina, nikitaka kumpeleka mama yangu hospitali. Nikageuza ufunguo. Taa za dashibodi zikafifia, pakasikika tik-tik-tik chini ya boneti, kisha kimya. Betri ile ilikuwa na miezi minne tu tangu niinunue, na iliyotangulia haikumaliza mwaka. Jirani ndiye aliyetutoa asubuhi ile kwa gari lake.

Mchana nilimpigia simu fundi umeme wa magari, mzee wa Kimeru mwenye gereji yake Ngarenaro. Nikamwambia aje na betri mpya. Akaniuliza, "Mwanangu, maji yakikata shambani, nyinyi huchimba mfereji mpya?"

Waliokulia kwenye miteremko ya Meru wanalijua jibu. Maji yakikata, mtu hushika jembe akaufuata mfereji kuelekea juu, hatua kwa hatua, akitazama ukingo uliobomoka, tundu la panya, au jirani aliyejigeuzia maji usiku. Huufuata mpaka aone maji yanapopotelea. Mzee alifanya hivyo hivyo kwenye gari langu, na ilimchukua chini ya saa mbili. Waya mmoja wa amplifaya ya redio ulikuwa umeunganishwa kwenye umeme usiozimika. Nikizima gari na kwenda kulala, amplifaya ilibaki macho usiku kucha. Nilikuwa nimenunua betri mbili kwa sababu ya waya usiozidi urefu wa mkono wangu.

Ninaandika haya kwa ajili ya kila mwenye gari linalowaka Jumamosi na kukataa Jumatatu. Betri mpya ni dawa ya ugonjwa mmoja tu kati ya matatu, na ukiinunua kabla ya kupima unaweza kuwa unamlisha mwizi ambaye bado yumo ndani ya gari. Kupima si kazi ya wataalamu peke yao. Unahitaji spana namba 10, mita ndogo ya kidijitali ya kupimia umeme, ambayo bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya betri, na subira.

Magonjwa matatu, dalili moja

Fikiria tena habari ya maji. Kuna chanzo juu mlimani, kuna bwawa la kuhifadhia, lile ndugu zetu Wapare huliita ndiva, na kuna mashamba yanayotumia. Kwenye gari, chanzo ni alteneta inayozungushwa na injini, ndiva ni betri, na mashamba ni stata, taa, redio na kompyuta za gari.

Asubuhi ukikuta ndiva tupu, ama ndiva yenyewe haishiki tena maji, yaani betri imechoka. Ama chanzo hakileti maji ya kutosha, yaani alteneta haichaji au safari zako ni fupi mno. Ama kuna tundu, yaani kitu fulani kinakula umeme wakati gari limezimwa. Katika hali zote tatu gari halitawaka, na hapo ndipo watu wengi hukosea. Isitoshe, ugonjwa mmoja huzaa mwingine: betri inayoachwa tupu mara kwa mara huharibika kweli, hata kama kosa la kwanza halikuwa lake.

Anza na masikio na macho

Kabla ya kushika mita, sikiliza. Ukigeuza ufunguo ukasikia tik-tik-tik ya haraka huku taa za dashibodi zikififia, umeme wa betri umepungua. Ukisikia "tak" moja nzito na taa zikabaki na mwanga wao ule ule, shuku stata au nyaya zake kabla ya kuilaumu betri. Taa zikiwa kali kisha zikazimika ghafla zote kwa pamoja unapogeuza ufunguo, kuna muungano uliolegea, na mara nyingi ni pale nyaya zinapofungwa kwenye betri.

Fungua boneti. Shika terminali za betri kwa mkono na ujaribu kuzizungusha. Hazitakiwi kucheza hata kidogo. Barabara zetu za kokoto, iwe unashuka kutoka Ilkiding'a au unarudi kutoka vijijini nyuma ya Ngaramtoni, hulegeza kila kilichofungwa kwa nati. Betri isiyofungwa imara kwenye kitako chake hutikisika mpaka bamba zake za ndani zinapukutika, na bamba zikipukutika hakuna chaja itakayozirudisha. Angalia pia ule ungaunga mweupe au wa kijani kwenye terminali. Huo huzuia umeme kupita kuingia na kutoka. Uoshe kwa maji ya vuguvugu yaliyochanganywa na magadi ya kuokea, usugue kwa brashi ya waya, ukaushe, kisha upake grisi kidogo.

Kama betri yako ni ya maji, fungua vifuniko utazame. Maji yawe yamefunika bamba. Yakipungua, ongeza maji ya betri tu. Usiongeze maji ya bomba, na usiongeze asidi: asidi haiondoki betri inapokauka, kinachoondoka ni maji.

Chukua tahadhari kabla ya kwenda mbele. Betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka, kwa hiyo usivute sigara wala kumulika kwa kibiriti. Vua pete na saa ya chuma. Asidi ikikurukia machoni, osha kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa robo saa nzima, kisha nenda hospitali. Kila unapofungua betri, anza na waya wa hasi. Unapoifunga, hasi uwe wa mwisho.

Pima ndiva: volti za asubuhi

Weka mita kwenye volti za mkondo mnyoofu, kipimo cha 20. Waya mwekundu wa mita uguse chanya, mweusi uguse hasi. Wakati mzuri ni asubuhi, kabla ya kuwasha gari, kwa sababu betri iliyotoka safarini hudanganya kwa saa kadhaa, ikionyesha volti nyingi kuliko ilizonazo kweli.

Betri ya volti 12 iliyojaa huonyesha takribani 12.6 au 12.7 ikiwa imepumzika. Ukiona 12.4, imebaki na karibu robo tatu. 12.2 ni nusu. 12.0 ni karibu robo. Chini ya 11.9 hesabu kuwa imekwisha. Watu wengi hudhani volti 12 ni betri nzima kwa sababu imeandikwa "volti 12". Betri ya 12.0 kamili ni betri yenye njaa, na asubuhi ya baridi inaweza kukuangusha.

Kisha mwombe mtu akuwashie gari huku wewe ukitazama mita. Stata inapozunguka, volti zitashuka. Kama betri ilijaa kabisa lakini wakati wa kuwasha inaporomoka chini ya 9.6, betri hiyo imechoka: inaonyesha sura ya shibe bila nguvu ya kufanya kazi. Kwa betri ya maji unaweza kuhakikisha zaidi kwa haidromita, kile kibomba cha kioo chenye kielea. Seli iliyojaa husoma karibu 1.26 hadi 1.28. Seli tano zikisoma vizuri na moja ikabaki nyuma kwa zaidi ya 0.05, seli hiyo imekufa na inawavuta wenzake.

Watu wa Arusha hupenda kuulaumu ubaridi. Kweli, mji uko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti asubuhi za nyuzi 12 au chini ya hapo ni za kawaida, huku Olmotonyi na vijiji vya juu vikiwa baridi zaidi. Ubaridi hupunguza nguvu ya betri na kuifanya oili ya injini iwe nzito, hivyo stata inadai zaidi wakati betri inatoa pungufu. Lakini ubaridi wetu hauui betri nzima. Kinachoua ni joto: joto la injini, foleni za mchana, na safari za bonde la Mto wa Mbu na Tarangire. Joto hula betri polepole mwaka mzima, kisha Julai inafichua kilichokwisha kuliwa.

Pima chanzo: je, inachajiwa?

Washa gari, liache likitulia, upime tena kwenye betri. Unatafuta kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Sasa washa taa kubwa, feni ya ndani na kifuta ukungu cha kioo cha nyuma. Volti zinaweza kushuka kidogo, lakini zisikae chini ya 13. Zikishuka hapo, tazama kwanza fenibelti: je, imelegea, imepasuka, inapiga kelele gari linapowaka? Belti ikiwa nzima, alteneta ndiyo yenye kesi. Zikipanda kupita 15, kidhibiti chake kimeharibika na kinaichemsha betri. Utaona maji yakikauka haraka na pengine kunusa harufu ya mayai yaliyooza. Baadhi ya magari mapya hushusha chaji kwa makusudi ili kuokoa mafuta, kwa hiyo usihukumu kabla ya kuwasha taa na kupima tena.

Kuna chanzo kizima kinachotoa maji kidogo kwa sababu hakipewi muda. Mtu anakaa Njiro, anafanya kazi karibu na Mnara wa Saa. Asubuhi anawasha gari, anasimama Kijenge kwenye foleni na taa, feni na redio vyote vikifanya kazi, anafika, anazima. Jioni vivyo hivyo, mara nyingine na waipa juu. Injini inaponguruma polepole bila mwendo, alteneta hutoa kidogo, na karibu chote huliwa papo hapo. Wiki ikiisha, betri imetoa zaidi ya ilivyopokea. Kwa mtu huyu dawa ni safari moja ndefu kila wiki, mathalani kwenda Usa River na kurudi bila haraka, au chaja ya nyumbani usiku wa Jumamosi.

Jaribio la usiku mmoja

Kama betri imepita mtihani na chaji ni nzuri, sasa tenganisha mtuhumiwa wa kwanza, yaani betri, na wa tatu, yaani tundu. Jaribio hili halihitaji hata mita, na ningependa kila mwenye gari alijue.

Chaji betri mpaka ijae. Fungua waya wa hasi, uufunge kitambaa usiguse chuma, uache gari kwa muda ule ule ambao kwa kawaida linakufa: usiku mmoja, siku mbili, siku tatu. Kisha rudisha waya na uwashe. Likiwaka kwa nguvu, betri yako ni nzima na kuna kitu ndani ya gari kinachoiba. Likikataa, betri imejimaliza yenyewe ikiwa imejitenga na kila kitu. Hapo una haki ya kwenda dukani.

Lakini kabla hujafungua waya huo, tafakari mambo mawili. Magari mengi tunayoyaleta kutoka Japani yana redio za Toyota zenye ramani, ambazo zikikosa umeme hujifunga na kudai namba ya siri. Kioo huandika herufi ERC na redio haisikiki tena hadi ifunguliwe. Kama redio yako ni ya aina hiyo na huna namba yake, ruka jaribio hili uende kwenye kipimo kinachofuata kwa njia ya fyuzi, ambayo haikati umeme. Pili, usifungie ufunguo ndani. Milango inayotegemea umeme haitakusikiliza betri ikiwa imetenganishwa.

Kumtafuta mwizi

Gari la kisasa halilali kabisa. Saa, alamu, kumbukumbu ya kompyuta na kipokezi cha rimoti hunywa umeme kidogo muda wote. Hiyo ni halali, na kwa magari mengi haizidi miliampea 50 gari likishatulia.

Hesabu yake ni rahisi, na inafanana na kuhesabu uniti za LUKU. Miliampea 50 kwa saa 24 ni ampea-saa 1.2 kwa siku. Betri ya gari dogo kama IST ina takribani ampea-saa 40, na ikifika nusu ujue uko ukingoni. Kwa kasi hiyo utachukua zaidi ya wiki mbili kufika nusu. Sasa chukua taa ndogo ya wati 5 iliyosahaulika kwenye buti. Inakula karibu ampea 0.4, yaani ampea-saa 10 kwa siku. Siku mbili tu umefika nusu. Ndiyo siri ya gari linalowaka Jumamosi na kukataa Jumatatu.

Kupima, zima kila kitu na utoe ufunguo. Fungua boneti na mlango utakaokuwezesha kufikia fyuzi, kisha usukume komeo la mlango kwa bisibisi lijifunge kana kwamba mlango umefungwa, ili taa za ndani zizimike. Hamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la ampea 10, uchague kipimo cha ampea. Fungua waya wa hasi, kisha uweke mita katikati: ncha moja kwenye betri, nyingine kwenye waya ulioufungua. Umeme wote unaotoka sasa unapita ndani ya mita. Tangu hapo usiwashe gari, usifungue mlango, usiwashe taa kubwa, kwa sababu fyuzi ya mita itaungua.

Mwanzoni namba itakuwa kubwa. Usishtuke. Kompyuta za gari zinahitaji muda wa kusinzia: nusu saa, nyingine saa nzima. Kunywa chai. Ukirudi ukakuta 0.03, gari lako halina mwizi, angalau si sasa. Ukikuta 0.3, yupo.

Sasa anza kuchomoa fyuzi moja moja, ukitazama mita kila mara, na kurudisha kila moja mahali pake. Piga picha ya boksi la fyuzi kwa simu kabla ya kuanza, usije ukachanganya. Namba ikiporomoka unapochomoa fyuzi fulani, umeupata ukingo uliobomoka. Soma kwenye kifuniko fyuzi hiyo inalisha nini, kisha ufuate kimoja kimoja kwenye njia hiyo.

Kwa wale wa redio zenye namba ya siri, njia nyingine ni kuacha betri imefungwa na kupima milivolti kwenye vidoti viwili vya chuma vilivyo mgongoni mwa kila fyuzi. Fyuzi isiyopitisha umeme husoma sifuri. Inayosoma milivolti, hata chache, kuna kitu inakilisha.

Umechomoa zote na namba haijashuka? Shuku vitu visivyopita kwenye boksi hilo, na cha kwanza ni alteneta. Ndani yake kuna diodi, ambazo kazi yake ni kama mlango wa maji wa upande mmoja. Diodi ikiharibika, umeme hurudi nyuma kutoka kwenye betri usiku kucha. Kuna dalili ambayo asubuhi za baridi za Arusha zinaionyesha waziwazi: gusa alteneta kabla ya kuwasha gari. Injini nzima ikiwa baridi na alteneta ikawa na uvuguvugu, umempata mwizi wako.

Wezi wa mji huu

Katika magari yetu, wezi wengi hawakuja na gari kutoka kiwandani. Wamefungwa hapa hapa. Alamu ya bei nafuu, redio kubwa yenye kioo, amplifaya, kamera ya dashibodi, kifaa cha kufuatilia gari kwa setilaiti. Vyote ni vitu vyema. Tatizo ni aliyevifunga kuchukua umeme mahali palipo karibu badala ya mahali panapostahili. Kifaa cha kufuatilia gari kikifungwa vizuri hunywa kidogo sana, ila kikiwa hafifu, au gari likilala mahali pasipo na mtandao mzuri, hukesha kikitafuta mawimbi. Unapofungiwa kitu chochote, muulize fundi swali moja: "Hiki kinazima nikizima gari?" Kisha mwombe akuonyeshe kwa mita.

Wengine ni wa zamani. Taa ya buti na ya kijisanduku cha mbele ya abiria. Swichi ya breki iliyokwama, inayoacha taa nyekundu zikiwaka nyuma ya gari ulikoegesha kuelekea ukuta, hivyo huzioni. Relei iliyoganda. Chaja ya simu iliyoachwa kwenye tundu la sigara kwenye gari ambalo tundu hilo halizimiki. Ufunguo wa kisasa unaoning'inizwa ukutani hatua mbili kutoka kwenye gari, nalo likaendelea kuzungumza nao usiku mzima. Na kwa wanaoegesha karibu na mashamba au stoo za mahindi, Tengeru na Moshono wanajua, panya hutafuna nyaya na kuzifanya zigusane.

Gari linalolala muda mrefu

Arusha ina aina yake ya gari lililoegeshwa: Land Cruiser la safari. Kila mwaka masika yakiingia, Aprili na Mei, mamia hulala kwenye yadi yakisubiri wageni wa Juni. Mwaka 2020 yalilala kuliko wakati wowote tunaoukumbuka. Watalii waliokuja Tanzania walishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi takribani 621,000, na Aprili 2020 ndege za kimataifa za abiria zilisimamishwa kwa wiki kadhaa. Gari ambalo huzunguka Serengeti na Ngorongoro bila kupumzika lilikaa miezi likiwa na redio ya mawasiliano, jokofu na safu ya matundu ya kuchajia kamera, vyote vimeshikana na betri.

Betri ya gari, tangu Mfaransa Gaston Planté alipobuni aina yake mwaka 1859, ni bamba za risasi ndani ya asidi. Inapoishiwa, bamba hufunikwa na salfati laini ambayo chaji huiondoa. Ikiachwa tupu kwa wiki na miezi, salfati hiyo huganda kuwa fuwele ngumu, na betri haipokei tena. Kwa hiyo adui wa gari lililolala ni kulala na njaa.

Kama gari halitatembea kwa zaidi ya wiki mbili, ijaze betri kwanza, kisha ufungue waya wa hasi. Kila mwezi ipime, na ikishuka hadi 12.4 ichaji. Betri ya ampea-saa 45 ichajiwe polepole kwa ampea 4 au 5 usiku mzima. Kuwasha gari dakika kumi yadini hakusaidii, kwani hata ulichokitumia hukirudishi ipasavyo, na unaacha unyevu kwenye injini na bomba la moshi. Paneli ndogo ya sola yenye kidhibiti chake inatosha kulishibisha gari linalokaa juani.

Na magari yenye betri mbili yawe na kitenganishi kinachofanya kazi. Betri mbili zilizoshikana moja kwa moja huishi kama mzima aliyefungwa kamba na mgonjwa: dhaifu humvuta mwenye nguvu. Jokofu ambalo kompresa yake huvuta ampea 3 hadi 5 lisiruhusiwe kugusa betri inayowasha injini.

Likikukatalia leo

Ukibusti kwa gari la jirani, nyekundu ianze kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha kwenye chanya ya betri nzima. Nyeusi ianze kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho uifunge kwenye chuma cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri yake. Likiwaka, usidhani umepona. Betri iliyokwisha kabisa haijai kwa mwendo wa kutoka Sanawari hadi Mianzini, inahitaji chaja. Na gari la giaboksi otomatiki halisukumwi likawaka, hata wakusanyike vijana wote wa kijiweni.

Vipimo vikisema betri imekufa kweli, inunue kwa akili. Soma namba ya ile ya zamani, mathalani 55D23L. Herufi D ni daraja la ukubwa wa ubavu wake, 23 ni urefu wake kwa sentimita, na L au R hueleza upande wa vichwa vya chanya na hasi. Ukikosea hiyo, nyaya hazitafika. Tafuta tarehe ya kutengenezwa, na mwambie muuzaji aipime mbele yako. Betri iliyokaa rafuni mwaka mzima imeanza kuzeeka kabla hujailipia.

Ile ya zamani usiivunje wala kumwaga asidi yake kwenye mfereji. Mombasa, katika kijiji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwatia watu na watoto wao sumu ya risasi, na mama mmoja, Phyllis Omido, ambaye mwanawe naye aliathirika, akapigana mpaka kikafungwa; mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Maji ya Meru yanapita kwenye mashamba ya wengi kabla ya kufika kwa wa mwisho. Irudishe betri kwa muuzaji anayeipokea nzima.

Mimi bado ninalo gari lile, na betri ile ile iliyokuwa na miezi minne. Yule mzee aliichaji siku mbili, akaipima, akaona bado inashika, akairudisha. Nilipomuuliza bei ya betri mpya, alikuwa ameshafunga boksi lake la spana. Akalipwa kwa saa mbili za kuufuata waya, na safari iliyofuata mama alifika hospitali kwa wakati. Basi fundi wako akikuambia "ni betri" kabla hajapima, mwombe kwa heshima apime kwanza. Na wewe mwenyewe, usiku wa leo ukishazima gari, kaa dakika moja ulizunguke gizani. Mahali popote utakapoona mwanga, hapo ndipo pa kuanzia.